Vifo Vinavyotunza Kumbukumbu: Historia ya Seli T za Binadamu

Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe, kundi la visiwa vya baridi kali kati ya Norwei na Aislandi, na kwa muda wa miezi michache ikawalaza watu wapatao 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Serikali ya Denmark, iliyokuwa ikivitawala visiwa hivyo, ilimtuma daktari kijana wa miaka 25, Peter Ludwig Panum, akachunguze. Panum alikwenda kijiji baada ya kijiji akihesabu siku tangu mgonjwa wa kwanza alipofika hadi wenyeji walipoanza kutokwa na vipele, na hesabu yake ya wiki mbili hivi inafundishwa hadi leo. Lakini sehemu ya taarifa yake ya 1847 yenye uzito mkubwa zaidi inahusu wazee. Surua ilikuwa haijaonekana Faroe tangu 1781, yaani kwa miaka 65. Wazee walioiugua utotoni mwaka huo walikaa nyumba moja na wagonjwa, wakawauguza, wakala nao, na Panum hakumpata hata mmoja aliyeugua tena. Wazee wa rika lilelile ambao 1781 iliwapita bila kuwagusa, hao waliugua kama wajukuu wao.

Ni kitu gani kilichokaa ndani ya miili ya wazee hao miaka 65, bila ugonjwa wenyewe kurudi kukiamsha? Jibu lililokuja upesi, na likatawala kwa zaidi ya karne, ni kwamba mwilini hubaki kitu kisichokufa, kilichoumbwa siku za ugonjwa wa kwanza na kuishi na mwenyewe hadi kaburini. Jibu hilo linavutia akili, na kwa sehemu kubwa si la kweli. Ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1950, hasa ule uliotoka katika damu ya binadamu, unaonyesha kwamba kinga hukumbuka kwa sababu seli zake hufa, hufa kwa wingi na kwa utaratibu, na kwamba kifo hicho kikikosekana, au kikitokea pasipo mahali pake, kumbukumbu hugeuka maradhi. Nitaifuata hoja hiyo kwa njia ya historia, kwa kuwa wataalamu walikosea mara mbili kabla ya kuifikia: kwanza walidhani seli hizi hufa mara moja, kisha wakadhani hazifi kabisa.

Kabla ya kuzifikia seli kuna pingamizi la haki linalopaswa kujibiwa. Huenda wazee wa Faroe walilindwa na kingamwili tu, zile protini za damu zinazonasa virusi, bila seli yoyote kukumbuka chochote. Kweli kingamwili za surua hudumu sana. Lakini mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mtoto wa kiume ambaye damu yake ilikosa kingamwili, na baada yake wakapatikana wengine wengi wenye hali hiyo. Watoto hao huandamwa na bakteria wa nimonia na masikio, ila surua huwapata na kuwatoka kama inavyowatoka wenzao. Watoto waliozaliwa bila seli T, seli za kinga zitakazoelezwa mbele, huweza kinyume chake kuuawa nayo. Kwa hiyo kingamwili zina kazi kubwa, lakini kuna kazi nyingine isiyofanywa nazo.

Seli zinazofanya kazi hiyo zilikuwa zikionekana kwenye hadubini tangu karne ya 19, na kwa muda mrefu hazikuheshimiwa. Limfosaiti ndogo ni seli ya duara, kiini kimeijaza karibu yote, haina dalili ya shughuli yoyote. Watafiti walijua kwamba mfereji mkuu wa limfu humwaga katika damu limfosaiti nyingi mno kila siku, za kutosha kubadilisha zote zilizomo kwenye damu zaidi ya mara moja. Kwa kuwa idadi ya zilizomo kwenye damu haiongezeki, wakakata shauri kwamba kila seli hufa saa chache baada ya kufika. Mwaka 1959 James Gowans wa Oxford aliubomoa uamuzi huo. Alichukua limfosaiti kutoka kwenye mfereji wa panya, akazitia alama ya mionzi, akazirudisha kwenye damu, kisha akazikuta tena kwenye limfu. Kumbe zilikuwa zikizunguka: kutoka damuni kuingia kwenye tezi za limfu, kutoka kwenye tezi kurudi damuni. Zilikuwa hai muda wote huo, na watu walikuwa wamezitangaza kuwa zimekufa kwa sababu tu walikuwa hawazioni. Kosa hilo litatufaa mbele, kwani atakayedai leo kwamba seli fulani zimekufa lazima kwanza athibitishe kwamba hazijahama.

Wakati uleule Macfarlane Burnet wa Melbourne alikuwa ametoa, mwaka 1957, wazo lililoipa kumbukumbu ya kinga maelezo yake ya msingi: kila limfosaiti huzaliwa ikiwa na uwezo wa kutambua kitu kimoja, na ile inayokutana na kitu chake huzaana hadi kuwa kundi kubwa la seli zinazofanana. Jacques Miller akaonyesha 1961 kwamba tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo wengi waliiona haina kazi, ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya seli hizo. Panya walioondolewa thaimasi mara tu walipozaliwa walikua bila kinga ya kutosha. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha ilikuwa wazi kwamba kuna seli B, zinazotengeneza kingamwili, na seli T, zinazoziamrisha seli nyingine au kuua seli zilizovamiwa. Picha ya kumbukumbu ikaonekana kamili: seli chache huwa nyingi, nyingi hubaki, ndiyo maana ugonjwa ukirudi hukuta upinzani wa haraka.

Lakini picha hiyo ina hesabu isiyokubali. Kama kila ugonjwa huongeza seli na zote hubaki, mtu wa miaka 60 aliyepitia mafua, surua, tetekuwanga, malaria na mamia ya maambukizi yasiyo na jina angekuwa na tezi za limfu zisizoingia shingoni mwake. Idadi ya limfosaiti kwa mtu mzima mwenye afya haipandi namna hiyo. Hukaa palepale mwaka baada ya mwaka. Kwa kila kundi linalozaliwa lazima kundi la ukubwa karibu sawa liondoke. Jambo la kusikitisha ni kwamba hesabu hii rahisi ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu kwa miaka mingi, na wachache mno waliuliza seli hizo huenda wapi, kwa kuwa kifo cha seli kilihesabiwa kuwa uharibifu, kitu cha wataalamu wa magonjwa, wala si cha wataalamu wa kinga.

Mtazamo huo ulianza kugeuka 1972, pale John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakifanya kazi Aberdeen, Uskoti, walipoeleza namna ya kifo cha seli isiyo na fujo. Seli hujikunja, kiini chake hukatika vipande, mwili wake hugawanyika katika vifungu vidogo, na seli za jirani huvimeza kabla chochote hakijamwagika. Waliita tukio hilo apoptosisi. Miaka ilipita kabla ya watu wengi kulitilia maanani, hadi Robert Horvitz alipopata katika mnyoo mdogo jeni zinazoamuru kifo hicho. Yeye, Sydney Brenner na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jeni zikishapatikana, hakuna tena anayeweza kusema kifo ni ajali tu. Seli inazaliwa ikiwa na nyenzo za kujiua, na swali linakuwa ni nani anayezizuia na ni lini anaacha kuzizuia.

Kwa upande wa binadamu jibu lilianzia kwenye ugonjwa ambao historia yake inapita Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe wa taya wa watoto, uliosafirishwa kwa ndege hadi London kutoka Kampala, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa ameieleza saratani hiyo. Kirusi hicho cha Epstein-Barr huwapata watu karibu wote duniani. Anayekipata utotoni kwa kawaida hajui, na anayekipata akiwa kijana huweza kuugua homa ya tezi: koo linauma, shingo inavimba, na damu inajaa limfosaiti kubwa zisizo za kawaida. Limfosaiti hizo nyingi ni seli T zilizoamshwa. Baada ya wiki chache zinapungua na mgonjwa anapona. Mwaka 1985 watafiti wa Brisbane walizitia seli T za wagonjwa hao kwenye chupa za maabara, zikafa upesi, ilhali za watu wenye afya zilibaki hai. Mwaka 1993 Arne Akbar wa London, pamoja na Mike Salmon na wenzao, walieleza sababu. Seli zilizokuwa zikifa, kwa wagonjwa wa homa ya tezi na wa tetekuwanga, zilikuwa na alama ya CD45RO juu ya ganda lake, alama ambayo kwa binadamu hutofautisha seli iliyokwisha kukutana na adui wake na ile ambayo bado. Na ndani yake protini ya Bcl-2, inayozuia kifo, ilikuwa imeshuka sana.

Ni vizuri kutua hapa, kwa kuwa ndipo fundo lilipo. Seli ya kumbukumbu inapoamshwa hufanya mambo mawili ambayo yanaonekana kupingana. Huanza kugawanyika kwa kasi, tena bila kuhitaji kubembelezwa sana kama seli changa, ambayo kwa kawaida hutaka ishara mbili, ya kipokezi chake na ya mlinzi mwingine kama CD28, ndipo ikubali kuamka. Na papo hapo huishusha Bcl-2 na kuipandisha Fas, mlango wa kifo ulio juu ya ganda lake. Yaani kuamka na kujiandaa kufa ni tendo moja. Mwaka 1998 kundi la Oxford lilipima ukubwa wa mlipuko huo kwa njia mpya ya kuhesabu seli zinazotambua kipande kimoja tu cha kirusi: kwa mgonjwa mmoja wa homa ya tezi, asilimia 44 ya seli T zote za aina ya CD8, yaani zile zinazoua, zilikuwa zikitambua kipande kimoja cha Epstein-Barr. Hebu fikiria seli hizo zingebaki zote. Kirusi kimoja, kipande chake kimoja, kingekuwa kimechukua karibu nusu ya nafasi ya jeshi zima, na ugonjwa wa pili usingepata pa kukumbukwa.

Njia za kifo chenyewe ziligunduliwa kwa mfululizo. Michael Lenardo, huko Bethesda, alionyesha 1991 kwamba interleukini-2, ileile inayozistawisha seli T, huziandaa pia kufa zikiamshwa tena mara nyingi. Shigekazu Nagata wa Osaka alipata jeni ya Fas mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba panya wa aina ya lpr, wanaojulikana kwa tezi kubwa na mwili unaojishambulia, wana Fas mbovu. Mwaka 1995 kasoro hiyohiyo ikapatikana kwa watoto. Ugonjwa wao ulikuwa umeelezwa tangu 1967 na Virginia Canale na Carl Smith: tezi na bandama huvimba kwa miaka, na kinga huziangamiza seli za damu za mtoto mwenyewe. Atakayeuliza ni hasara gani seli zikikataa kufa, watoto hao ndio jibu. Hawakupewa kumbukumbu bora kuliko ya wengine kwa kuwa na seli nyingi zaidi. Walipewa mwili usioweza kutofautisha kumbukumbu na mashambulizi.

Hata hivyo Fas si njia pekee, na waliodhani imeeleza kila kitu walikuja kusahihishwa. Panya wenye Fas mbovu wakiambukizwa kirusi kinachoondoka upesi, seli zao T hupungua baadaye karibu kama kawaida. Kinachozipunguza huko ni protini nyingine, Bim, ambayo huingia kazini pale lishe ya ishara za uhai inapokatika. Wakati wa ugonjwa saitokini, protini zinazobeba ishara hizo, hujaa kila mahali na seli huishi kwa hizo. Kirusi kikiondoka saitokini hupungua, Bim huishinda Bcl-2, na seli hufa kwa kukosa wa kuziambia ziishi. Akbar na Salmon walipoziweka seli za binadamu zilizokuwa zikielekea kufa pamoja na seli za kawaida za tishu, zilinusurika, na 1999 wakaonyesha kwamba kilichoziokoa ni intafironi ya beta iliyotolewa na seli hizo za jirani. Hili linajibu shaka ya wale wanaosema kifo cha kwenye chupa hakithibitishi chochote kuhusu mwili. Chupa ilikosa majirani, ndiyo. Na ukosefu huo umetufundisha kwamba uamuzi wa nani abaki hufanywa na mazingira, mahali seli ilipo na nani yuko kando yake.

Sasa turudi kwenye kosa lile la kabla ya Gowans. Je, seli zinazotoweka damuni zimekufa kweli, au zimehamia kwenye ngozi, mapafu na utumbo? Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na kwa sehemu ni sahihi. Mwaka 1999 Federica Sallusto na Antonio Lanzavecchia walionyesha kwamba seli za kumbukumbu za binadamu ni za namna mbili: zenye kipokezi cha CCR7, zinazozunguka kwenye tezi za limfu, na zisizo nacho, zinazoelekea kwenye tishu. Tangu hapo imejulikana kwamba nyingi huishi moja kwa moja kwenye utumbo na mapafu bila kurudi damuni. Atakayehesabu damu peke yake atahesabu vifo kupita kiasi. Lakini kwa panya, ambao viungo vyao vyote vinaweza kupimwa, tisa katika kila kumi ya seli za CD8 zilizozaliwa kwa maambukizi huondoka, wala zinazokutwa kwenye tishu hazitoshelezi hesabu. Na Bim ikiondolewa, zilizokuwa zikiondoka hubaki. Uhamaji peke yake usingebadilishwa na jeni ya kifo.

Hapo ndipo kosa la pili lilipodhihirika, la kudhani kwamba zilizonusurika basi haziondoki tena. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Uskoti walijua kwamba wagonjwa waliotibiwa uti wa mgongo kwa mionzi hubaki miaka mingi na limfosaiti zenye kromosomu zilizovunjika. Seli yenye jeraha la namna hiyo huishi vizuri mradi haigawanyiki. Ikijaribu kugawanyika hufa. Mwaka 1992 Colin Michie, Angela McLean, Clare Alcock na Peter Beverley walizigawa seli za wagonjwa wa mionzi kwa kutumia alama ya CD45. Wengi wangetarajia majeraha ya zamani yakutwe kwenye seli za kumbukumbu, zinazodhaniwa kuishi muda mrefu. Yalikutwa kwa wingi kwenye seli changa, zile ambazo hazijakutana na adui. Kwenye kundi la kumbukumbu yalikuwa yametoweka upesi zaidi, kwa sababu seli hizo hugawanyika na kufa mara kwa mara. Vipimo vya baadaye, vilivyotumia glukosi yenye hidrojeni nzito kwa watu wenye afya, vilileta jibu la mwelekeo huohuo kwa seli za kumbukumbu za CD4, zile zinazoamrisha. Ukoo hukumbuka mipaka ya shamba lake hata baada ya wazee walioiweka kuzikwa, kwa kuwa kila kizazi kimekipokeza kinachofuata. Kumbukumbu ya seli T ni ya namna hiyo, haikai kwa seli mojamoja.

Kuna ushahidi unaoonekana kulipinga hili, nao umetoka kwenye chanjo ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki wanaijua kwa kadi yake ya njano. Chanjo ya homa ya manjano, 17D, ilitengenezwa na Max Theiler kutokana na kirusi kilichotolewa 1927 kwenye damu ya mgonjwa mmoja huko Ghana ya sasa, Theiler akiikamilisha katika miaka ileile ambayo Wakfu wa Rockefeller ulianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano Entebbe, 1936. Theiler alipewa Nobel 1951. Kwa kuwa chanjo hii ni kirusi hai kilichofifishwa, na aliyechanjwa mahali pasipo na ugonjwa hakutani nacho tena, inafaa kuliko zote kwa kupima umri wa kumbukumbu ya binadamu. Mwaka 2017 kundi la Rafi Ahmed wa Atlanta lilieleza jaribio ambalo watu waliochanjwa walikunywa maji mazito, ili seli zinazozaliwa siku hizo zibaki na alama. Seli za CD8 ziligawanyika kwa kasi katika wiki mbili za mwanzo. Kisha zilizobaki zikatulia, zikawa hugawanyika chini ya mara moja kwa mwaka. Watafiti wa Lausanne walikuwa tayari wamepata seli za aina hiyo kwa watu waliochanjwa hadi miaka 25 nyuma. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukubali kwamba dozi moja hulinda maisha yote, na tangu Julai 2016 kadi ya njano haina tena ukomo wa miaka kumi.

Je, hizi si zile seli zisizokufa? Nakubali kwamba zinarekebisha hoja: kumbukumbu haina mwendo mmoja, na baadhi ya seli hupumzika kwa muda mrefu kuliko vipimo vya awali vilivyoonyesha. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha pia kwamba seli zilizotulia zilibaki na alama kwenye jeni zake za kuwa ziliwahi kupigana. Hazikuwekwa akiba pembeni tangu siku ya kwanza. Ni masalia ya kundi kubwa lililozaana na kufa karibu lote. Tena kupungua hakukomi. Katika utafiti wa Oregon wa 2003 juu ya waliochanjwa ndui, seli T zilipungua kwa nusu kila miaka 8 hadi 15, na bado zilikuwepo miaka 75 baadaye. Kinachodumu ni kundi linalopungua polepole na kujijaza.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya maabara, hayamgusi mgonjwa. Jibu lililo chungu kuliko yote lilipatikana tarehe 13 Machi 2006 katika Hospitali ya Northwick Park, London. Vijana sita wenye afya walipewa kingamwili ya majaribio iitwayo TGN1412, iliyobuniwa kuziamsha seli T kupitia CD28 bila kungoja ishara ya kipokezi. Nyani walikuwa wamepewa dozi kubwa mara 500 bila madhara makubwa. Katika muda wa dakika 90 hivi vijana wote sita walianza kuugua: homa, maumivu, shinikizo la damu kushuka, viungo kushindwa kazi, na limfosaiti zikatoweka damuni. Wote waliponea chupuchupu, mmoja akipoteza sehemu za vidole. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulilielekeza tatizo kwenye seli za kumbukumbu za CD4 zinazoelekea kwenye tishu. Kwa binadamu seli hizo hubaki na CD28. Kwa nyani waliotumika, zimeipoteza. Nao panya wa maabara, wanaolelewa katika usafi usio wa kawaida, karibu hawana kundi hilo kabisa, kama kundi la David Masopust wa Minnesota lilivyoonyesha 2016: kinga yao inafanana na ya mtoto mchanga, na wakiwekwa pamoja na panya wa madukani huwa kama watu wazima. Vijana wale walilipa gharama ya kudhani kwamba kumbukumbu ni kitu kilekile kwa kila mnyama.

Kifo kisicho mahali pake nacho kina historia yake, na surua imo ndani yake. Clemens von Pirquet wa Vienna aliona 1908 kwamba watoto waliokuwa na alama ya ngozi ya kipimo cha kifua kikuu waliipoteza wakati wa surua. Leo inajulikana kwamba kirusi cha surua huingia kwenye limfosaiti kupitia kipokezi cha CD150, ambacho seli za kumbukumbu zinacho kwa wingi, na huziua. Katika utafiti wa 2019 kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Huo ni upande wa seli B, lakini dhana ni moja: kifo kinachochaguliwa na kirusi hakifuati mpango wa mwili, hivyo kinachukua kumbukumbu yenyewe badala ya ziada yake.

VVU huua seli pasipo mahali pake na papo hapo hujificha katika seli zisizokufa, na ndiyo sababu ni vigumu kuvishinda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera 1983, wakati ambapo hakuna aliyejua kwa nini seli za CD4 hupungua. Mwaka 1991 Jean Claude Ameisen na André Capron walipendekeza kwamba zinajiua, na 1995 ikaonekana kwenye tezi za limfu kwamba nyingi zinazokufa si zile zilizoambukizwa bali majirani zake. Warner Greene wa San Francisco alieleza baadaye kwamba katika tishu za limfu nyingi mno hufa kwa kifo cha fujo, chenye kuwasha uvimbe, ambacho huziita seli nyingine zije kufa mahali hapohapo. Ni kinyume kabisa cha kile walichokieleza watu wa Aberdeen. Lakini mwaka 1997 vikundi vitatu, kikiwemo cha Robert Siliciano wa Baltimore, viligundua upande wa pili: virusi vilivyolala ndani ya seli za kumbukumbu za CD4 zilizopumzika, ambako dawa hazivifikii. Hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba ghala hilo hupungua kwa nusu kila miezi 44 hivi, kwa hiyo dawa za kawaida zingehitaji zaidi ya miaka 60 kulimaliza. Tafiti za 2014 zikaongeza kwamba ghala hudumu kwa sababu seli zilizoambukizwa hugawanyika, kila moja ikizirithisha binti zake kirusi chake. Kwa wagonjwa wanaomeza vidonge kila siku huko Bukoba, Kisumu au Goma, uwezo wa seli hizi kujijaza upya ndio unaowafunga kwenye vidonge hivyo. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wa tiba wameigeukia Bcl-2, protini ileile ambayo Akbar aliikuta imeshuka kwa wagonjwa wa homa ya tezi. Dawa inayoizuia, venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani 2016 kwa saratani ya damu, imejaribiwa kwa panya waliopandikizwa seli za binadamu, na virusi vilichelewa kurudi baada ya vidonge kusimamishwa. Vilirudi, lakini vilichelewa, na kazi iliyopo sasa ni kutafuta namna ya kuzifanya seli zilizobeba kirusi zife bila kuzigusa zile zinazokumbuka surua, ndui na homa ya manjano.